Mteja Hakurejea

Chumba kiko orofa ya kwanza, juu ya duka la dawa, upande wa Kondele, mjini Kisumu. Ni kikao cha tatu. Mama ameketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Amekuwa akieleza jinsi mdogo wake alivyofariki akiwa na mimba ya miezi saba, na jinsi ukoo ulivyogawanyika juu ya mahali pa kumzika. Sasa amefika kwenye jambo ambalo hajamwambia mtu yeyote. Anavuta pumzi.

Kaunsela, kwa nia njema kabisa, anamwahi: "Naelewa. Ni kawaida mtu kujilaumu akifiwa." Kisha anatupia jicho saa ya ukutani.

Mama anatabasamu. "Ni kweli, daktari. Asante sana."

Analipa, anaaga kwa mikono miwili, anashuka ngazi.

Wiki inayofuata kiti ni kitupu. Kwenye faili imeandikwa tarehe na maneno mawili: Mteja hakurejea.

Kisa hiki nimekiunga kutokana na visa vingi vya Kisumu, Nakuru na Kakamega, nikabadilisha kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Maneno ya kwenye faili sikuyagusa. Yamenikera wiki nyingi sasa. Ukiyasoma unaona mtu mmoja tu chumbani, tena ndiye mwenye kosa.

## Alichoshuka nacho ngazi

Yule mama hakuwa akijilaumu. Alitaka kusema amemkasirikia marehemu. Dada yake aliambiwa aende kliniki, akaapa ameenda, kumbe nauli ilikuwa inaishia kwingine. Kumsema vibaya aliyelala kaburini ni jambo zito kwetu. Mtu hulikaribia polepole, analipima, anarudi nyuma, analikaribia tena. "Naelewa" ya kaunsela ilifika kabla ya lile la kueleweka kutoka mdomoni.

Kuna na jambo la pili, dogo zaidi. Kikao cha kabla ya hapo alipewa kazi ya nyumbani: kila jioni aandike mambo matatu ya kushukuru. Mama huyu analala chumba kimoja cha Nyalenda na watu wanne. Daftari atalificha wapi? Likisomwa na shemeji kesho, atajibu nini? Hakuandika hata mstari. Alipoulizwa alisema ameandika, ila amelisahau nyumbani. Uongo huo wa adabu ulikuwa taarifa muhimu kuliko yote aliyosema siku hiyo, na ulipita bila kuguswa.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika kwamba muungano kati ya mshauri na mteja una sehemu tatu: kukubaliana tunakwenda wapi, kukubaliana tutafanya nini ili tufike, na kuaminiana. Watu huishika hiyo ya tatu wakasahau mbili za kwanza. Mshauri akiwa mpole, mwenye sauti nzuri na chai ya kukaribisha, anajihesabu kuwa na uhusiano mwema na mteja. Lakini kazi isiyowezekana kufanyika katika nyumba ya mteja huvunja muungano sawasawa na dharau. Mteja anaisoma hivi: mtu huyu hajui ninavyoishi, wala hakuuliza.

Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 ulikusanya tafiti 295 kuhusu suala hili. Ulikuta kwamba ubora wa muungano huo huendana na matokeo ya tiba, mshauri atumie mbinu yoyote ile. Nguvu yake ni ya wastani, ila haikosi kujitokeza. Ndiyo maana naona vibaya tunapotumia semina nzima kujadili mbinu, halafu aliyeacha kuja tunamwandikia mstari mmoja.

## Adabu inavyoficha ufa

Wanasaikolojia Jeremy Safran na Christopher Muran waliichunguza mipasuko ya muungano huu kwa miaka mingi, wakaigawa mara mbili. Kuna mteja anayekukabili: analalamika, anadai pesa zake, anasema hunisaidii. Kuna na anayejitenga: ananyamaza, anakubali kila kitu, anageuza mazungumzo.

Kwetu wa kwanza ni nadra sana. Kaunsela anaitwa daktari hata kama si daktari. Anaitwa mwalimu, madam, pasta. Amesoma, ana ofisi, ana karatasi ukutani. Nani amwambie amekosea?

Basi ufa unaonekana kwingine. Majibu yanafupika. Mteja aliyekuwa akisema "nilihisi" anaanza kusema "watu huwa wanahisi". Anakubali kabla hujamaliza swali. Anakuletea habari za mtoto, za jirani, za siasa, chochote kisichomhusu yeye. Anachelewa, na kila mara ni matatu. Anatoa simu ya kulipa kikao kikiwa hakijaisha. Au anakusifu kupita kiasi, na hii ndiyo inayowapoteza washauri wengi, kwa sababu sifa ni tamu.

Anayeitwa daktari na si daktari amrekebishe mteja siku ya kwanza, kwa upole, kisha ampe jina la kumwita. Uongo ni uongo. Isitoshe, jina hilo huongeza urefu wa kiti cha mshauri, na mteja anazidi kushindwa kusema hapana.

## Tulifunzwa kuambiwa

Si haki kuwalaumu washauri bila kutaja njia iliyotuleta hapa.

Kwa watu wengi wa Nyanza na Magharibi, maneno "ushauri nasaha" yalifika kupitia VCT, yaani ushauri na upimaji wa virusi vya Ukimwi kwa hiari, vituo vilipoanza kuenea nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 ikataka mtu ashauriwe kabla ya kupimwa na baada ya kupimwa. Kazi hiyo iliokoa watu wengi mno, na aliyeifanya anastahili heshima. Lakini umbo lake lilikuwa la aina moja: mshauri ana ujumbe, ana hatua za kufuata, majibu yanatoka chini ya nusu saa, mteja anaondoka na mpango. Anayejua ni mmoja, anayeambiwa ni mwingine.

Nakuru ilipata umbo jingine. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, uwanja wa maonyesho ya kilimo ulijaa waliofukuzwa makwao. Watu waliokuwa hawajapata godoro walikalishwa kwa makundi, wakaombwa waeleze yaliyowapata mbele ya wageni, na wengi wa wageni hao hawakuonekana tena. Hadi leo kuna wazee Nakuru wanaosikia neno kaunsela wakakumbuka mtu aliyefungua kidonda akaondoka na kalamu yake.

Mteja wa leo anaingia na historia hiyo. Mshauri naye amefundishwa na waliofundishwa humo. Ndiyo sababu kikao kinateleza upesi hadi kwenye mawaidha: jaribu kusamehe, jaribu kuomba, jaribu kutembea jioni.

Zamani Mluo alikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi, ambako wasichana walilala na kufundwa. Mjukuu kwa nyanya yake ana utani, na ndani ya utani huo angeweza kumwambia, "Dani, hapo umenionea." Kaunsela hana utani na mteja wake. Nafasi ya kupingwa lazima aitengeneze kwa makusudi, la sivyo haipo.

## "Wewe uko na watoto?"

Mteja akiuliza swali hili, vitabu vingi vya darasani humfundisha mshauri alirudishe: "Ni nini kimekufanya uulize?"

Busia au Bungoma, jibu hilo ni kofi. Mtu hawezi kumwaga mambo ya ndani kwa asiyemjua hata kwao ni wapi. Swali ni salamu iliyochelewa.

Jibu kwa ufupi na kwa ukweli. "Ndiyo, ninao wawili." Au: "Bado sijajaaliwa." Sentensi moja inatosha. Halafu urudi kwake: "Naona umeniuliza tulipotaja mwanao. Ungependa nijue nini kuhusu kuwa mzazi?" Kosa la upande wa pili nalo ni baya: mshauri anayefunguka dakika kumi kuhusu ndoa yake, mpaka mteja anaanza kumpa pole. Kipimo changu ni rahisi. Baada ya jibu lako, mazungumzo yanamhusu nani?

Nakuru kuna swali lenye ncha zaidi: unatoka wapi nyumbani? Mteja amekwishalisikia jina lako la pili, na amekwishapiga hesabu. Mahali palipochomwa nyumba kwa sababu ya majina, hesabu hiyo ni ya usalama. Usiikemee na usijifanye hujaiona. Sema tu: "Majina yetu yanaonyesha tunatoka sehemu tofauti. Kama kuna jambo litakuwa gumu kuniambia kwa sababu hiyo, tunaweza kulizungumza, au nikutafutie mwenzangu." Akichagua mwenzako, mtafutie wiki hiyo hiyo.

Halafu kuna soko. Miji yetu ni midogo. Utakutana na mteja Kibuye Jumapili, kwenye foleni ya benki, kwenye harusi. Maadili ya kazi yanakutaka usimtambue mbele za watu. Adabu ya Kisumu inasema kumpita mtu unayemjua bila salamu ni kumtukana. Jambo hili humalizwa kikao cha kwanza kwa maneno wazi: "Tukikutana nje sitakusalimu kwanza, ili asiulize mtu tumejuana wapi. Ukinisalimu, nitakuitikia kama mtu yeyote. Ungependa iwe hivyo?" Ni nusu dakika. Usipoisema, mteja aliyepitwa kimya sokoni atajua jambo moja tu: ofisini ananichekea, nje ananionea aibu.

## Siri yenye matundu

"Kila utakachosema kitabaki hapa." Sentensi hii husemwa kila siku, na si kweli kama ilivyo.

Kuna mipaka: mtu akiwa hatarini kujiua, mtoto akiwa anadhulumiwa, mahakama ikiagiza. Mteja anastahili kuijua kabla hajafungua mdomo, kwa lugha anayoota nayo, iwe Kijaluo, Kiluhya, Kikuyu, Kikalenjin au Kiswahili. Fomu ya kurasa mbili za Kiingereza anayotia sahihi mapokezi haihesabiki.

Mfano ulio wazi ni PHQ-9, fomu ya kupima dalili za sonona. Ina maswali tisa, kila moja linajibiwa 0 hadi 3, jumla 27. Swali la tisa linauliza kama umewaza kwamba ni afadhali ufe, au ujidhuru. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Hofu haiondoki na hukumu. Mteja aliyejaza 3 katika maswali manane na 0 katika la tisa anaweza kuwa salama kweli. Anaweza pia kuwa amepima uso wako akaona haambiki. Usiitoe fomu hiyo mezani bila kuuliza kwa mdomo, polepole, mkiwa wawili: "Wengine wakifika pale ulipofika, huwaza heri wasingekuwepo. Wazo kama hilo limekupitia?" Akisema ndiyo, usiikimbilie simu. Uliza lini, uliza kwa njia gani, uliza kilicho karibu naye nyumbani. Mkubaliane nani atakaa naye usiku huo, na usimwache aondoke kabla hilo halijapangwa.

Matundu mengine ni ya kimwili. Vyumba vingi vimegawanywa kwa bodi nyembamba, na kikohozi cha mapokezi kinasikika ndani. Maana yake kilio cha ndani kinasikika mapokezi. Redio ndogo ikiwekwa nje ya mlango, upande wa wanaosubiri, husaidia kuliko ikiwekwa ndani. Ujumbe wa M-Pesa nao huonyesha jina la anayelipwa. Kama biashara yako imesajiliwa kwa jina lenye neno ushauri, mume atalisoma jioni. Muulize mteja kabla hajalipa.

## Kuomba lawama

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana ndipo kazi ilipo.

Mwanasaikolojia Scott Miller na wenzake walitengeneza fomu fupi ya kupima kikao. Ina mistari minne, kila mmoja sentimita 10. Mteja anatia alama: nilisikilizwa na kuheshimiwa? Tulizungumza nilichotaka? Njia yake inanifaa? Kwa jumla kikao kilikaa sawa? Unapima kwa rula, unajumlisha. Jumla kamili ni 40, na ikishuka chini ya 36 mnazungumza.

Ilete huku kwetu bila maandalizi, na utapata 40 kila siku. Alama zote kwenye kikao cha kwanza zisikufurahishe. Mtu amejaza fomu mbele ya mwenye ofisi, kama anavyojaza mgeni kitabu cha wageni.

Kinachofungua ni namna ya kuuliza. "Umeridhika?" ina jibu moja tu la adabu. "Una swali?" hivyo hivyo. Jaribu: "Katika niliyosema leo, ni lipi halikukaa vizuri?" Swali hili linachukulia kwamba lipo, kwa hiyo mteja halazimiki kuwa wa kwanza kukukosoa. Au: "Ni wapi leo nilienda mbio kuliko wewe?" Kwa mteja mwenye haya sana, pitia kwa mtu wa tatu: "Dada yako angekuwa amekaa pale kona akitusikiliza, angesema nimekosea wapi?" Uliza zikiwa zimebaki dakika kumi. Ukiuliza mteja ameshika kitasa, unaomba kuagwa. Kisha nyamaza. Huo ukimya ni mrefu na unauma, na washauri wengi huujaza wenyewe kwa kusema, "Ama tuko sawa?" Hapo wamefunga mlango waliokuwa wameufungua.

Lawama ikija, itakuja imevaa nguo nyingi. "Hapana, ni vizuri tu, labda siku ile ya daftari." Iokote hapo hapo. Rudia kwa maneno yake: "Siku ile ya daftari." Usieleze kwanza ulikuwa na nia gani. Mweleze sehemu yako: "Nilikupa kazi bila kuuliza utaiandikia wapi." Kisha badilisha kitu anachoweza kukiona leo: futa kazi ile, au igeuze iwe jambo la kuwaza akichota maji. Kikao kijacho rudi kwenye suala hilo wewe mwenyewe, kabla yake, ajue hukulisahau.

Huharibikaje? Mara nyingi mshauri huomba radhi kupita kiasi. Uso unamwanguka, anasema pole mara tano, na mteja anabadilika kuwa mfariji: "Usijali, daktari, si neno." Baada ya hapo hatalalamika tena, kwa sababu ameona gharama yake. Pole moja, iliyo wazi, inatosha.

Na asipokuja? Andika siku hiyo hiyo. Simu hushikwa na wengi, kwa hiyo maneno mnakubaliana siku ya kwanza, na hata jina atakalokuhifadhi nalo. Kitu kama: "Habari, leo hatukuonana. Huenda mara ya mwisho nilikukata kauli. Nafasi ya Alhamisi saa nane ipo." Sentensi ya katikati ndiyo yenye kazi. Bila hiyo, ujumbe unasomeka kama ukumbusho wa deni. Asipojibu, tuma mwingine mmoja baada ya wiki, umwachie mlango wazi, kisha umwache. Kwenye faili andika ulichofanya wewe katika kikao cha mwisho, kwa undani ule ule ulioandika alichosema yeye.

## Kwa mshauri aliyechoka

Najua hali. Wateja wanane kwa siku, pesa ndogo, hakuna wa kukusikiliza wewe. Mteja wa sita hapati mtu yule yule ambaye wa kwanza alimpata. Dakika kumi kati ya kikao na kikao, simu ikiwa ndani ya droo, si anasa.

Na ukienda kwa msimamizi wako wa kitaaluma, usimpelekee mteja aliyekushukuru. Mpelekee aliyeondoka. Mwigizie dakika tano za mwisho, maneno kwa maneno, hata namna alivyoshika mkoba. Msimamizi anayeuliza tu ulitumia mbinu gani hajakusimamia.

## Kwa mteja

Tangu Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kazi hii ina bodi yake ya usajili. Kumuuliza mtu kama amesajiliwa si utovu wa adabu, na anayekasirika kwa swali hilo amekujibu.

Kuumia kikaoni si lazima kuwe dalili mbaya. Kuna siku utatoka umechoka kwa sababu umegusa palipokuwa pamefungwa. Tofauti utaiona ukijiuliza: nimechoka na nilichokisema, au nimechoka na kujilinda dhidi ya mshauri? Hiyo ya pili isemee. Unaweza kuanza hivi: "Kuna jambo la wiki jana limenikalia vibaya, naomba tulirudie kabla ya mengine." Mshauri wa kweli ataweka kalamu chini.

Akikutongoza, akikukopa pesa, akikushurutisha kwenye dini yake, akisimulia habari za mteja mwingine, usirudi kuzungumza. Ondoka, kisha ripoti kwa bodi.

Ukiamua kuhama kwa sababu ndogo kuliko hizo, usihame mikono mitupu. Omba barua ya kumpelekea mshauri mpya, ili usianze kusimulia msiba upya toka mwanzo. Nusu ukurasa unatosha: ulikuja kwa ajili gani, mlijaribu nini, kipi kilisaidia, kipi kilishindikana, na kama kuna hatari ya kuangaliwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona yanayohifadhiwa kukuhusu, kwa hiyo huombi fadhila. Isome kabla haijatiwa kwenye bahasha, na kama kuna mstari usiokubaliana nao, sema urekebishwe hapo hapo.